Kinga za ugoko katika besiboli: sifa ni ya Bresnahan, au ya Fowler na Grant?

Mleta mada: Kila mara tunasoma kwamba kinga za ugoko zilianzishwa mwaka 1907 na Roger Bresnahan, mdakaji wa timu ya New York Giants. Napinga. Miaka ya 1880, Bud Fowler na Frank Grant, wachezaji weusi waliolinda besi ya pili (kituo cha pili anachopitia mkimbiaji), walishafunga mbao miguuni. Wakimbiaji wazungu waliokuja kuiba besi, yaani kuikimbilia kabla mpira haujapigwa, waliteleza miguu mbele, meno ya chuma ya viatu yakilenga miguu yao makusudi.

Mchangiaji A: Dhuluma hiyo haina ubishi, ila vifaa ni viwili tofauti. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Mpira ukiguswa kidogo tu na gongo hubadili mwelekeo, glovu haiuwahi, unatua kwenye ugoko au goti. Ubao mtupu hapo unapitisha pigo lote hadi mfupani. Bresnahan alivaa pedi za mtindo wa kriketi, zenye tabaka laini la kupunguza nguvu ya mpira, zinazopanda hadi gotini. Za wadakaji wa leo zimetoka huko.

Mleta mada: Mbao zilikuwa na kasoro, kweli. Mwaka 1891 gazeti la Sporting Life lilichapisha maelezo ya mchezaji Ed Williamson: wapinzani walinoa meno ya viatu kwa tupa, na wa kwanza kufika besi ya pili akazipasua. Lakini kifaa kingeboreshwaje? Julai 1887 International League, ligi ya kulipwa waliyochezea, iliamua kutoidhinisha mikataba mipya ya wachezaji weusi. Wenye kifaa walifungiwa mlango.

Mchangiaji B: Kuvaa si kuvumbua. Juni 1907 Bresnahan alipigwa kichwani na mpira wa mrushaji Andy Coakley, kisha akajaribu kinga ya kichwa ya ngozi, ya kujazwa upepo. Lakini hataza ya kinga hiyo ilikuwa ya Frank Mogridge, tangu 1905. Barakoa ya mdakaji nayo ni ya Fred Thayer wa Harvard, 1877, ingawa aliyeivaa uwanjani ni James Tyng.

Mchangiaji A: Basi Bresnahan aandikwe kama mdakaji aliyezivaa hadharani na kuzieneza. Neno "mvumbuzi" lifutwe.

Mleta mada: Na majina ya Fowler na Grant yatangulie, katika sentensi hiyohiyo, si kwenye tanbihi. Bresnahan aliingizwa Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli, 1945. Grant akasubiri hadi 2006, Fowler hadi 2022.