Tupeane uzoefu: ulishona nini kikakushinda, na bado unakitumia?

Wakuu, habari za jioni. Naanza mwenyewe.

Nilinunua cherehani ya miguu iliyotumika, jirani hapa Kirumba, Mwanza, akanifundisha. Nilipojua kunyoosha mshono tu, nikajitia kushona shuka la viraka la kitanda cha tano kwa sita. Mabaki ya vitenge nilipewa na mafundi wa Makoroboi, mwingine alinipa kiroba kizima bure. Hesabu yangu: kitanda ni inchi 60 kwa 72, basi nikate viraka vya inchi 6, kumi kwa upana, kumi na mbili kwa urefu. Viraka 120! Mkasi ulinitoa malengelenge.

Mshono sikuuhesabu. Kila kiraka kinaliwa robo inchi kila upande, kinabaki tano na nusu. Kuja kutandaza, ni 55 kwa 66. Mume wangu akaliangalia akauliza, "Hili la mtoto?" Mtoto mwenyewe hatukuwa naye. Ilitakiwa nikate sita na nusu.

Ndani niliweka blanketi kuukuu, nikapitisha mishono ya juu kushika tabaka zote tatu. Imepinda kama vichochoro vya kupanda mlima wa Mabatini. Mwaka wa sita huu tunalala nalo, kila mtu anavutia kwake.

Haya, leteni yenu.

#2
Mimi pazia. Nilipima dirisha, nikasahau pindo la juu na la chini. Niko Nansio, mchana upepo wa ziwani ukianza, pazia linapaa, wapita njia wananisalimia nikiwa nakula. Nikaunga kipande cha kanga kwa chini. Majirani wawili wakadhani ni mtindo, wakaniiga.

#3
Dada, vitenge ulivifua kabla ya kukata?

#1
Wapi! Chekundu kilichuja, viraka vyote vyeupe sasa ni vya waridi.

#4
Mie mwanaume, nilifundishwa na mayu (mama, Kisukuma), Igoma. Uzi ulikuwa unajikusanya chini ya kitambaa. Nikahangaika na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, wiki nzima, mara nifungue skrubu, mara nikaze. Mayu akaja, akainua kile kimguu kinachokandamiza kitambaa, akatunga upya uzi wa juu. Kumbe haukuwa umeingia kwenye visahani vya kukazia. Tangu hapo nikiona fujo chini, naanza kukagua juu.

Suruali yangu ya kwanza niliikata bila kufuata uzi wa kitambaa, yaani nyuzi zake zinakoelekea, ili kubana kitambaa kitoshe. Mguu mmoja unajisokota kuingia ndani. Naivaa nikiosha pikipiki, na siku moja niliivaa msibani kwa kukosa namna. Giza lilinisitiri.

#2
Hahaha, pole mkuu.

#3
Dada wa Kirumba, tuwekee picha ya hilo shuka basi.

#1
Leo haiwezekani. Mama mkwe kaja kutoka Sengerema, kajifunika nalo. Yeye ni mfupi, linamtosha.