Laptopu yenye kadi ya picha ya RTX 4050 mpya, 3060 ya mtumba, au nijipinde nichukue 4060? Narudi kwenye gemu baada ya miaka kumi

BabaPacha_Moshi
Habari za jioni wakuu. Mara ya mwisho nacheza gemu za kompyuta nilikuwa na desktopu yenye kadi ya picha ya GTX 750 Ti ya 2GB. Niliiuza 2015 pacha wetu walipozaliwa, hela ikaenda kwenye mambo ya uzazi, na wala sikujuta. Sasa wanasoma darasa la nne, jioni zimeanza kuwa zangu tena, na hamu imenirudia kwa nguvu.

Kazi iko Moshi, familia iko Arusha, kila Ijumaa napanda kosta. Kwa hiyo ni laptopu tu. Nimejichanga nimefikisha milioni tatu na nina laptopu tatu mbele yangu. Ya kwanza ni mpya, RTX 4050, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB, SSD (diski ya kuhifadhia) ya 512GB. Ya pili ni ya mtumba kutoka Dubai, toleo la 2021, RTX 3060, RAM 16GB, na inabakiza chenji ya maana. Ya tatu ni Lenovo LOQ 15 mpya, RTX 4060, RAM 16GB, ila hiyo itabidi niongeze kama laki saba.

Nataka Red Dead Redemption 2, Cyberpunk 2077, na mpira wa kucheza na wanangu. Je, 4050 si ndiyo kubwa kuliko 3060?

Fundi_Pasua
Karibu tena mkuu. Tarakimu mbili za mwanzo ni kizazi, mbili za mwisho ni cheo. 30 ziliingia kwenye laptopu 2021, 40 zikaja 2023. Kwa hiyo 4050 ni mwenye cheo cha chini kwenye ukoo uliofuata, na 3060 ni mwenye cheo cha kati kwenye ukoo wa zamani. Ukizikutanisha zinakaribiana sana, zote zina kumbukumbu yao ya 6GB. Ilichonacho 40 ambacho 30 haina ni ule uwezo wa NVIDIA, watengenezaji wa kadi hizi, wa kubuni fremu (picha) za katikati ili mchezo uende laini, na Cyberpunk inautumia vizuri.

Lakini mkuu, jambo linalowaponza wengi ni wati. NVIDIA inamwachia mtengenezaji wa laptopu aamue kadi itumie umeme kiasi gani. 4050 inaweza kupewa wati 35, inaweza kupewa 115, na jina kwenye boksi ni lilelile. Laptopu mbili zenye 4050 ukiziweka meza moja utaapa si kadi moja. Ukifika dukani omba ziwashwe, fungua paneli ya NVIDIA (NVIDIA Control Panel), ingia kwenye taarifa za mfumo, utaona mstari wa wati za juu kabisa. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

Na usisome majaribio ya desktopu ukadhani yanakuhusu. 4070 ya desktopu ina 12GB, ya laptopu ina 8GB. Majina yanafanana, vitu ni viwili tofauti.

La mwisho ni joto. Wewe unachezea Moshi, si Arusha. Januari na Februari huku chini chumba hakipoi hata saa nne usiku. Nyingi ninazoletewa zikidaiwa "zimekufa kadi" nikizifungua nakuta vumbi limejaa kwenye mapezi ya kupozea na pesti ya kupitisha joto imekauka. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe, mwenyewe unalaumu gemu. Nyanyua nyuma ya laptopu hata kwa vitabu viwili, na kila miezi sita isafishwe.

DadaWaNjiro
Mimi ninayo ya mtumba yenye 3060, mwaka wa pili huu. Kwa kucheza sina malalamiko, Red Dead inakwenda vizuri kabisa. Kosa nililofanya ni kutopima betri kabla ya kulipa. Kaka, ukienda kuiona ile ya Dubai, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Yangu ilitoka na 80Wh, nilipopima ikawa 41.

Usije ukafikiri betri ni ya kuchezea, maana ukichomoa chaja kadi inashushwa nguvu hata kama betri ni mpya. Lakini umeme ukikatika inakupa nafasi ya kuhifadhi ulipofikia na kuzima taratibu. Mimi nusu ya nafasi hiyo sina. Nunua pia kifaa cha kulinda umeme, kwa sababu hatari kubwa ni pale unaporudi kwa kishindo.

MkaziWaSakina
Kwa milioni tatu desktopu ingekupa nguvu zaidi na ungebadilisha kadi baadaye. Huwezi kuiacha Arusha?

BabaPacha_Moshi
Nimeliwaza hilo mkuu. Usiku ninaokuwa peke yangu ni wa Jumatatu hadi Alhamisi, na huo nipo Moshi. Nikifika nyumbani Ijumaa nataka wanangu washike pedi za gemu, mimi nikae pembeni.

Kijana_Ngaramtoni
Mimi ya 4050 ningeiogopa kwa RAM. 8GB leo haitoshi, tena ikiwa kijiti kimoja prosesa inakosa njia ya pili ya kupitisha data. Weka gharama ya kuongeza kijiti, halafu SSD: Red Dead peke yake inataka 150GB, Cyberpunk 70GB. Hapo tofauti yako na LOQ imeshapungua sana. LOQ ina nafasi mbili za RAM na nafasi ya SSD ya pili. Kadi yake ina kumbukumbu ya 8GB, si 6GB, na kwa mtu atakayekaa na mashine muda mrefu, hizo 2GB za ziada utazihitaji.

Bando la kupakulia gemu lisikutishe. Ukishainunua gemu kwenye akaunti yako ya Steam (duka la gemu la mtandaoni), unakopi mafaili yake kutoka diski ya mwenzako, Steam inakagua na kupakua yaliyopungua tu.

BabaPacha_Moshi
Nimerudi na majibu. Jumamosi nilizungukia zote tatu. Ya 4050 ilionyesha wati 75. Ya Dubai, dada, nimeipima kama ulivyosema: betri imebaki chini ya nusu, na feni moja inakwaruza. LOQ ilisoma wati 115, na nilipoulizia kijiti na SSD za kuongeza kwenye ya 4050, jumla ilikaribia laki tano. Nimeamua kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi nichukue LOQ.

Fundi_Pasua
Vizuri. Kumbuka chaja yake ni ya wati 230, ni tofali kweli. Tafuta begi lenye mfuko wake, isikandamize kioo ndani ya kosta.

BabaPacha_Moshi
Asante fundi. Kijana, hiyo Red Dead unayo kwenye diski ya nje?

Kijana_Ngaramtoni
Ninayo, kaka. Ukishaichukua niandikie, Jumamosi tukutane Kilombero, sokoni hapo Arusha, nakuja na diski na waya.