Mkanda mpya, kelele zile zile: gumzo la majirani

Mama Nuru: Salaam majirani. Nissan Note yangu, injini HR15, inalia kriii asubuhi nikiwasha. Ikipata moto mlio unapungua lakini hauishi, na nikiwasha AC unazidi. Mkanda wa injini umefungwa mpya mwezi uliopita. Nataka kuifungua mwenyewe hapa nyumbani, spana ninazo. Naanzia wapi?

Kelvin: Pulizia silikoni kwenye mkanda dada, inanyamaza hapo hapo 😂

Fundi Selemani: Kelvin usimponze mwenzio. Silikoni, WD-40, sabuni, mafuta ya breki, vyote hivyo havipakwi kwenye mkanda. Ukinyamaza ni kwa sababu umelainika, kisha unaanza kuteleza, na mafuta yanauvimbisha mpira. Na kwenye hiyo HR15 mkanda ni mmoja tu, ndio unaozungusha altaneta (ya kuchaji betri), kompresa ya AC na pampu ya maji. Ukiteleza, injini inachemka.

Fundi Selemani: Dada, kabla ya spana tega sikio. Kriii ndefu ukikanyaga mafuta au ukiwasha AC, mara nyingi mkanda umelegea unateleza. Chwi-chwi-chwi fupi fupi inayofuata mzunguko, puli (vile visahani vinavyopitisha mkanda) haziko kwenye mstari mmoja. Mngurumo wa kusaga, hiyo ni beringi, ile yenye gololi katikati ya puli. Tatizo ni kwamba beringi iliyokauka grisi, ikiwa baridi, inaweza kulia kriii kabisa kama mkanda. Ndiyo maana watu wanabadilisha mikanda bila mafanikio.

Mama Nuru: Sasa nitajuaje ni ipi?

Fundi Selemani: Chupa ya maji, toboa kizibo tundu dogo. Injini ikiwa sailensi (imewaka bila kukanyaga mafuta), nyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mistari, ukiwa umesimama pembeni. Mlio ukizidi, mkanda unateleza. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, ni mpangilio wa puli. Usipobadilika kabisa, achana na mkanda, tafuta beringi. Mtandio uvue, mikono ya nguo ikunje, pete toa.

Mama Nuru: Nimefanya mara mbili. Haubadiliki hata kidogo.

Fundi Selemani: Beringi hiyo. Sasa ya puli ipi? Zima, acha injini ipoe kabisa, toa waya wa hasi kwenye betri. Usiruke hilo: feni ya rejeta ni ya umeme, na waya mnene wa altaneta una moto hata gari ikiwa imezimwa. Spana ikigusa bodi hapo utaona cheche.

Mzee Athumani: Na magurudumu ya nyuma yawekewe mawe. Legeza nati za tairi la mbele kulia kabla ya kupiga jeki, siyo baada. Ukishanyanyua weka stendi. Mtu haingizi kichwa chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake.

Mama Nuru: Shikamoo mzee. Stendi ninazo.

Mzee Athumani: Marahaba mwanangu.

Fundi Selemani: Ukitoa tairi utaona kava la plastiki upande wa injini, lina klipu. Bisibisi bapa, nyanyua kichwa cha katikati kwanza halafu vuta klipu nzima. Ukilazimisha zinavunjika. Hapo mkanda wote unauona. Piga picha namna unavyopita, na chora mshale kwa chaki kuonyesha unakozungukia, maana mkanda uliokwisha kuzoea upande mmoja ukiurudisha kinyume unaweza kuanza kulia nao.

Fundi Selemani: Ile puli isiyozungusha kitu chochote ndiyo ya kukazia. Ina nati katikati, kwa kawaida spana namba 14, na bolti ndefu ya kurekebishia, namba 12. Legeza nati ya katikati kidogo, kisha fungua bolti ndefu mpaka mkanda uwe laini, uvue. Usianze na bolti ndefu nati ikiwa imekazwa, utakula uzi wake.

Mama Nuru: Mkanda umetoka. Nazungusha puli moja moja kwa mkono. Altaneta ina sauti ndogo ya shwaa, iko laini. Pampu ya maji laini. Ya kompresa inazunguka vizuri, ila kile kisahani cha mbele hakizunguki nayo. Ya kukazia inazunguka muda mrefu sana ukiisukuma, sauti kavu, na ukiishika juu na chini ukaitikisa inacheza.

Kelvin: Si inazunguka muda mrefu, maana yake nzima?

Mzee Athumani: Hapana kijana. Beringi nzima yenye vifuniko vya mpira pande zote mbili na grisi ndani ina uzito fulani mkononi. Ukiisukuma inakwenda kidogo na kusimama. Ikizunguka bila kusimama, grisi imekwisha, gololi zinatembea kwenye chuma kitupu. Na puli haitakiwi kucheza hata chembe.

Fundi Selemani: Altaneta shwaa ni brashi, kawaida. Kisahani cha kompresa hakizunguki kwa sababu klachi ya AC haijashika, sawa kabisa. Pampu ya maji angalia chini ya shafti yake kama kuna alama ya kulutanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka, nyeupe au ya rangi. Kama hakuna, iache. Mchawi wako ni puli ya kukazia.

Baba Joyce: Wengi wanachokonoa ule mpira wa beringi kwa sindano, wanajaza grisi, wanarudisha. Dakika kumi kazi imekwisha.

Mzee Athumani: Inanyamaza, ndiyo. Lakini iliyokwisha kulia imekwisha kuchubuka, njia ya gololi ina vishimo, na grisi haizibi vishimo. Halafu wanajaza pomoni. Nafasi ya ndani inatakiwa grisi kama theluthi tu. Ikijaa inasukwasukwa, inapata moto, inasukuma mpira nje na kuvuja kwenye mkanda. Kama umekwama njiani fanya hivyo ufike nyumbani. Kama duka la spea liko wazi, nunua beringi.

Mama Nuru: Nimetoa nati, puli mkononi. Kuna washa mbele na bushi nyuma.

Fundi Selemani: Vipange mezani kwa mpangilio ule ule vilivyotoka, upande ule ule. Bushi ikigeuzwa, puli inatoka kwenye mstari kwa milimita mbili tatu, na hapo utaanza kusikia ile chwi-chwi.

Baba Joyce: Futa beringi kwa kitambaa usome namba kwenye ule mpira, usininunulie kwa kukisia.

Mama Nuru: Inasomeka 6203, mwisho pamefutika.

Baba Joyce: 6203 ni tundu milimita 17, nje 40, unene 12. Pima kwa kaliba au hata rula uhakikishe, kwa sababu 6303 ina tundu hilo hilo la 17 lakini nje ni 47 na unene 14, haiingii. Omba 6203-2RS C3. 2RS ni vifuniko vya mpira pande zote mbili. Wakikupa ZZ, hiyo ina vifuniko vya bati, vumbi la barabara zetu na maji ya madimbwi yanapenya. C3 ni nafasi kubwa kidogo ndani, ili beringi ikipanuka kwa joto la injini isibane.

Baba Joyce: Na angalia sana bandia. Boksi linaweza kuwa na jina kubwa na ndani ni kitu kingine. Namba kwenye chuma iwe imechorwa ndani ya chuma, isiyofutika kwa kucha. Zungusha ukiwa dukani: ikikwaruza ikiwa mpya, rudisha. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, jibu unalo.

Mzee Athumani: Kwanza angalia puli yenyewe. Ni ya chuma au ya plastiki? Nyingi za plastiki zimemiminwa juu ya beringi, ukigonga zinapasuka. Hizo unanunua puli nzima. Na ya chuma, pitisha kidole pale mkanda unapokaa. Kama pameliwa pakawa na ukingo, nunua nzima pia.

Mama Nuru: Ya chuma mzee, uso uko sawa. Kuna kiringi cha waya kinazuia beringi upande mmoja.

Mzee Athumani: Hiyo saklipi. Itoe kwa plaizi yake, vaa miwani, inaruka. Sasa kutoa: weka puli juu ya kipande cha bomba ambacho beringi inaweza kudondokea ndani. Juu ya beringi weka soketi, gonga. Ile ya zamani gonga popote, imekufa.

Mzee Athumani: Mpya ndiyo yenye adabu. Iweke kwenye friza saa moja ikiwa ndani ya mfuko, inasinyaa kidogo. Safisha kiti cha puli, mswaki wa waya halafu msasa laini kama kuna kutu, paka tone la mafuta. Kisha ibane kwa jiliwa (kile kibano cha mezani), usigonge. Na nguvu ipite kwenye duara la NJE la beringi tu. Ukisukuma duara la ndani, nguvu inapita kwenye gololi, zinaacha alama kwenye njia yake, na beringi mpya italia baada ya wiki.

Kelvin: Na asiye na jiliwa?

Mzee Athumani: Bolti ndefu, nati, na washa mbili nene. Unakaza nati, beringi inavutwa ndani polepole. Cha kusukumia kiwe soketi yenye upana wa nje milimita 38 au 39, ili ikae juu ya lile duara la nje bila kugusa puli. Beringi ya zamani nayo inafaa kusukumia ukiisaga kidogo kwa nje, vinginevyo itaingia na kukwama humo humo.

Mama Nuru: Inaingia. Nimeona imeanza upande mmoja nikasimama.

Mzee Athumani: Vizuri sana. Itoe uanze tena, usiinyooshe kwa nguvu. Ikifika mwisho utahisi mkono umegota, nati haiendi tena. Rudisha saklipi mpaka ikae kwenye mfereji wake mzunguko mzima. Zungusha: iwe kimya na nzito kidogo.

Mama Nuru: Imekaa. Nzito kidogo, kimya kabisa 🙌🏾

Fundi Selemani: Kabla ya kurudisha, chukua brashi kavu upitishe kwenye mifereji ya puli zote. Vumbi la mpira likiganda mle ndani mkanda haukai chini. Kama kuna mafuta, dawa ya kusafishia breki kwenye kitambaa, siyo petroli. Mkanda nao uangalie: mikanda ya siku hizi haipasuki-pasuki kama ile ya zamani, inalika tu mistari yake ikawa mifupi kama tairi. Wako mpya, utafaa.

Fundi Selemani: Rudisha puli na washa na bushi yake kama vilivyotoka, kisha visha mkanda kwa kufuata picha. Pitisha kidole kila puli, mistari yote iwe ndani ya mifereji. Mmoja ukibaki nje ukiwasha unachanika.

Fundi Selemani: Kukaza, hapa ndipo pa kutulia. Nati ya katikati ikaze mpaka ishike, kisha irudishe kidogo tu, nusu ya robo mzunguko. Ikiwa imelegea sana puli inainama ukivuta bolti ndefu, na utaona umekaza vizuri kumbe imekaa upande. Vuta bolti ndefu kidogo kidogo. Kwenye sehemu ndefu ya mkanda, bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu: uingie milimita 5 hadi 8 hivi. Njia nyingine, ushike kwa vidole viwili uupinde: ufike robo mzunguko kwa shida, usipite. Kisha kaza nati ya katikati, halafu PIMA TENA, maana kukaza nati kunabadilisha.

Kelvin: Si bora aukaze sana tu asirudie?

Fundi Selemani: Ukikaza sana unaua beringi ya altaneta na ya pampu ya maji. Hapo gharama si ya beringi moja tena. Na nati hiyo nguvu ya mkono mmoja inatosha, usirefushe spana kwa bomba.

Mama Nuru: Nimerudisha betri, nimewasha. Kimya. AC nimewasha, kimya. Taa ya betri imezima.

Fundi Selemani: Safi. Iache sailensi dakika kumi na tano AC ikiwa juu, zima, subiri ipoe, pima mkanda tena. Ukiwa umelegea, ongeza kidogo. Kava la plastiki rudisha lote, ndilo linalozuia maji na mchanga visirushwe na tairi kwenye puli. Nati za tairi kaza kwa msalaba, gari ikiwa chini, na uzirudie baada ya kuzunguka mtaa.

Kelvin: Na sisi wa Toyota Wish, injini 1ZZ, je? Mimi sioni bolti ya kurekebishia.

Fundi Selemani: Yako inajikaza yenyewe. Kwenye tenshena (kikazio cha mkanda) kuna sehemu ya kushika kwa spana namba 19, unazungusha kwa mwendo wa saa, mkanda unalegea, unauvua kwenye puli moja ya juu. Shika spana ndefu na uachie polepole, ikiponyoka inavunja vidole. Vipimo vya kuzungusha puli kwa mkono ni vile vile. Ila ukiona injini ikiwa sailensi mkono wa tenshena unarukaruka sana, tatizo si beringi, ni tenshena yenyewe imechoka, na hiyo haikarabatiwi.

Baba Joyce: Kelvin, zipo tenshena ambazo bolti ya puli yake inafunguliwa kinyume. Ikigoma usiongezee bomba, jaribu upande wa pili kwanza.

Kelvin: Sawa wakuu. Mzee, ile jiliwa naweza kuazima Jumamosi?

Mzee Athumani: Haitoki kwenye meza, imefungwa bolti nne. Njoo na puli yako.