MREJESHO: Simu ilie sekunde ngapi?

Wakubwa, niliuliza hapa kama simu kwenye programu yetu ya ujumbe, tunayoitengenezea wauza samaki wa Bukavu, ilie sekunde 30 au dakika nzima. Wengi mlisema 30 zinatosha, nikaziweka.

Jumamosi nikakaa na shangazi yangu kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwenye meza yake ya sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), nikampigia nikiwa nimesimama pale pale. Simu yake iko ndani ya fundo la kitenge. Akamaliza kupima, akapangusa mikono, akafungua fundo kwa meno (ndiyo, kwa meno), na mlio ukakatika. "Mtoto wangu, hii simu yenu haina subira!"

Lakini kosa lilikuwa langu zaidi. Saa ilianza kuhesabu mpigaji alipobonyeza, na mtandao ulipolegea taarifa ya kuiliza simu ya pili ilichelewa njiani. Kwa hiyo simu ya shangazi ililia sekunde chache tu. Sasa simu inayopigiwa inarudisha taarifa kwamba imeanza kulia, hesabu inaanzia hapo. Nimeweka sekunde 50. Taarifa ya kuliza ikifika mpigaji ameshakata, hailii kabisa, inaonyesha tu simu iliyokukosa.

Mlio wenyewe naukata mimi kwenye msimbo wa programu. Android tangu toleo la 8 ina amri `setTimeoutAfter` ya kuondoa arifa muda ukiisha, ila inahesabu milisekunde (elfu moja ndiyo sekunde moja). Niliandika 50, nikajiuliza nusu saa kwa nini arifa haionekani.

Mkubwa aliyependekeza kitufe cha kunyamazisha bila kukata: kipo, shangazi anakitumia wateja wakijaa.