Naomba ushauri: kuwahoji Wajapani kuhusu apu, mbona kila mtu anasema iko sawa tu?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa aliyewahi kufanya utafiti na watumiaji wa Japani. Niko Osaka, timu yetu inatengeneza apu ya manunuzi na mimi ndo nakaa na watumiaji nawaangalia wanavyoitumia kisha nawauliza maswali kupitia mkalimani. Sasa shida ni hii, mtu unamwona kabisa amekwama kwenye fomu, anarudi nyuma mara tatu, ukimuuliza anakwambia hapana ni rahisi, labda mimi ndo sijazoea, halafu anaomba radhi yeye! Ukimwambia aongee anachowaza huku anabonyeza ndo ananyamaza kabisa. Tulijaribu kuwaweka kundi moja, ikawa kila mtu anamsubiri yule mkubwa kiumri aongee kwanza, wengine wanaitikia kwa kichwa tu.

Fomu yenyewe matatizo yake nayajua, haina sehemu ya kuandika jina kwa katakana (herufi za Kijapani zinazoonyesha matamshi) mbali na kanji (herufi zenye asili ya Kichina), na msimbo wa posta haujazi anwani wenyewe kama watu wa huku walivyozoea, ila wakubwa wangu wanataka wasikie kwa watumiaji wenyewe na mimi naona wana haki.

Kwa hiyo naulizeni, niwahoji wawili wawili marafiki? Niwape waandike nyumbani bila mimi kuwepo? Au nitafute mhoji Mjapani mimi nikae chumba kingine? Na skeli ya 1 mpaka 5 inafaa kweli wakati karibu wote wanachagua 3? Nawasubiri, asanteni sana.