Tupeane uzoefu: Mliwezaje kuanza kuandika kitabu cha maisha yenu?

Mwalimu Mstaafu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nimestaafu ualimu 2022 na watoto wameniganda niandike kitabu cha maisha yangu. Nina kauntabuku tatu. Ya kwanza inaanza "Nilizaliwa mwaka 1962 katika kijiji cha…" na imeishia ukurasa wa nne, mimi nikiwa darasa la pili. Ya pili vivyo hivyo, ila mwandiko umekaa vizuri zaidi. Ya tatu ina mstari mmoja. Mke wangu ameichukua, anaandikia hesabu za vikoba.

Sitaki nadharia, hizo nimefundisha hadi sauti ikakauka. Namtaka aliyekwisha kuandika, hata kama ni kurasa ishirini, aniambie: siku ile uliandika nini kwanza, na nini kilikutoa hapa nilipokwama mimi?

Mzee wa Reli, Moshi

Mwalimu, achana na kuzaliwa kwako. Siku hiyo hukuona kitu, umesimuliwa tu, ndiyo maana kalamu inakuwa nzito.

Mimi nilianza na sufuria. Nilikuwa mfanyakazi wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, nakaa Moshi, mama mzazi yuko Taveta, upande wa Kenya. Moshi na Taveta ni pua na mdomo. Nikaenda kuazima sufuria yake kubwa, ile ya shughuli, tulikuwa na ubarikio wa mtoto wa jirani. Nikamwambia, "Mama, Jumapili naileta." Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Sufuria ikakaa kwangu miaka zaidi ya sita, na mke wangu hakukubali ipikiwe hata uji, ilikuwa inapinduliwa juu ya kabati na kufutwa vumbi kila Jumamosi.

Niliandika hilo tu, kurasa tatu. Basi nikajikuta lazima nieleze mama ni nani, Jumuiya ilivunjikaje, kwa nini mtu wa Taveta anafanya kazi Moshi. Kuzaliwa kwangu kumekuja ukurasa wa 31, na kwa aya moja.

Jambo jingine, usiamini kichwa chako. Miaka yote nimesimulia kwamba mpaka ulifungwa siku aliyozaliwa binti yangu wa pili. Nimesimulia mpaka harusini kwake! Nilipoitoa kadi yake ya kliniki kwenye sanduku, imeandikwa Aprili. Nilikaa kitandani nikaiangalia kadi kama inanidai. Mwisho nikaandika yote mawili: ninavyokumbuka mimi, na inavyosema kadi.

Kijana wa Mbagala

Mimi nina miaka 27, sina maisha ya kuandika, nina madeni. Naweka kambi hapa nasoma.

Mzee wa Reli, Moshi

Anza na deni la kwanza, mwanangu. Alikukopesha nani, na ulivaa nini siku ya kwenda kuomba.

Binti wa Bi Mkubwa, Muscat

Assalamu alaykum. Mimi siandiki yangu, naandika ya mama yangu, mzaliwa wa Unguja. Wanangu Kiswahili chao cha kuombea maji tu, nikaona bibi yao akiondoka ataondoka na kila kitu.

Mwanzo nilikosea. Nilimkalisha sebuleni, simu nimeiweka mbele yake, nikamwambia, "Mama, tusimulie maisha yako." Akajitengeneza mtandio, akasema, "Maisha gani? Nimezaliwa, nimeolewa, nimezaa, alhamdulillah." Kwisha.

Nikagundua mama anasema akiwa anachambua mchele. Mikono ikishughulika, ulimi unafunguka. Sasa Ijumaa namletea sinia, simu naiweka karibu na kopo la sukari (kwa ruhusa yake, msinihukumu), na swali langu moja tu, tena dogo: skuli mlikuwa mnakwenda kwa njia ipi? Siku hiyo alinipitisha kichochoro kwa kichochoro mpaka kwa muuza mbatata, akaigiza na sauti yake. Nasikia kwenye rekodi chenga za mchele zinavyoanguka.

Tahadhari: kuyatoa maneno kwenye sauti kuyaweka kwenye karatasi ni kazi ya punda. Dakika arubaini zilinila mchana mzima. Na msiwasahihishe lugha. Nilijaribu kukisafisha Kiswahili chake, nilipomsomea akauliza, "Huyu anayesema ni nani?"

Mkunga wa Likoni

Nyote mwazungumzia kuanza, hakuna aliyetaja watu wa nyumbani. Mimi nilianza vizuri sana, kila alfajiri kabla ya kazi, chumba cha nyuma, kikombe cha chai ya tangawizi. Nikafika kwa baba na nyumba yake ya pili, ambayo sisi tuliijua siku ya maziko, walipoingia watoto watatu wenye pua yetu. Nikaandika kila kitu. Dada yangu akaja kuazima blenda, akaona makaratasi.

Miezi minne hatukusemezana. Hasira yake haikuwa kwamba nimesema uongo. Alisema, "Hiyo ni aibu yangu pia, na hukuniuliza." Hapo sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Sura hiyo ipo, ila iko kwenye bahasha, na wale ndugu zetu watatu nimewaomba wasome kwanza. Mmoja amekubali, mmoja amekataa, wa tatu hajajibu.

Kwa hivyo mwalimu, andika, lakini funga droo.

Wa Steshenari

Mimi ndiye ninayewachapia wazee, kwa hiyo naongea na upande wa hela. Msikimbilie kuchapisha. Mteja wangu alimpa mtu advansi ya kuhariri kitabu, simu ikazimwa. Mwingine alitoa nakala mia mbili kwa mkupuo, zipo chini ya kitanda na panya wameshaanza kuzisoma.

Toeni kopi kumi, tupige baindingi ya plastiki, gawieni ndugu. Watawarudishia makosa bure: jina la shangazi, mwaka wa msiba. Mkisharekebisha ndipo mtafute ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na haki zenu mkaziandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na jamani, msiniletee daftari lililoandikwa pande zote mbili kwa penseli.

Mpenda Tenzi, Tanga

Nyongeza fupi. Nani kasema lazima iwe hadithi iliyonyooka? Shaaban Robert alipoandika maisha yake alichomeka humo humo tenzi, mmoja wa kumuusia binti yake. Mimi nathari hainitoki kabisa. Nimeandika barua kumi na moja kwa wajukuu, kila barua tukio moja. Nikizipanga kwa tarehe, kitabu hicho hapo. Ubeti wa msiba wa mke wangu ndio niliouanza mwanzo, kwa sababu ndio uliokuwa unaninyima usingizi.

Mwalimu Mstaafu

Nimerudi wakuu. Nimewasoma wote, mkunga nimekusoma mara mbili. Usiku huu nimeandika ukurasa mmoja na nusu, habari ya shati.

Ilikuwa 1984, kituo changu cha kwanza cha kazi. Sabuni hakuna dukani, sukari hakuna, na mimi shati la kuingilia darasani ni moja. Mwalimu mwenzangu wa kike akanionyesha kuchuma majani ya mpapai, unayaponda, unafikicha nayo kola mpaka povu la kijani litoke. Nilikuwa nafua usiku ili watoto wasione mwalimu yuko kifua wazi, asubuhi nalivaa bichi, linanikaukia mwilini kipindi cha kwanza cha hesabu. Hapo nimeshindwa kusimama, imebidi nimweleze na huyo mwalimu mwenzangu, maana ndiye niliyekuja kumuoa.

Kasoma sasa hivi. Anasema shati halikuwa jeupe, lilikuwa la bluu, na majani ya mpapai nilikuwa nayajua kabla yake, nilijifanya sijui. Tumebishana mpaka chai imepoa. Kesho nanunua kauntabuku ya nne, ile ya tatu hesabu za vikoba zimeshafika Machi.