Jiko la peleti moto umekuwa hafifu, naombeni ushauri wakuu

Mangi wa Chipsi: Wakuu heshima kwenu. Nina kibanda cha chipsi Pasua, Moshi, natumia jiko la peleti (vile vipande vidogo vya maranda yaliyoshindiliwa), lile la feni. Zamani moto ulikuwa mkali, pembeni bluu kabisa. Siku hizi nikiweka karai unafifia, unakuwa wa njano, moshi unawafuata wateja, chipsi zinakunywa mafuta mpaka zinalegea. Feni inazunguka, chaji ipo. Kuna fundi anataka anitobolee matundu zaidi chini. Nimpe kazi au ninunue jiko jingine?

Kitasa: Hamia gesi. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, wewe bado unafukiza wateja.

Mama Wawili: Gesi ni tamu mtungi ukiwa umejaa. Mimi uliniishia maharage nusu mbichi na mawifi wameshanawa mikono. Tangu hapo mkaa hautoki kwangu.

Fundi Bati: Kauliza jiko jamani. Mkuu, usitoboe kitu. Hewa ya chini inaunguza peleti zitoe gesi, ya matundu ya juu ndiyo inaiwasha hiyo gesi. Ukiongeza ya chini unavuruga uwiano. Vunja peleti moja: inakatika au inamung'unyika kama biskuti? Ikila unyevu inavimba, inakuwa unga, hewa haipiti. Na usijaze kuvuka matundu ya juu. Jivu je?

Mangi wa Chipsi: Peleti kavu, zinalala ndani. Jivu namwaga kila siku, ila ni jingi, na kuna mabonge yameng'ang'ania kwenye wavu.

Fundi Bati: Peleti safi za mbao jivu lake halifiki hata asilimia moja. Unachanganya na nini?

Mangi wa Chipsi: Pumba za mpunga. Kidogo tu. Kama nusu hivi. Lakini wakuu, kule Chekereni mashineni napewa bure, nalipia bodaboda tu. Nikitumia peleti tupu faida yote inaishia jikoni. Na mbona watu wanapikia pumba miaka yote?

Fundi Bati: Wana majiko ya pumba. Pumba karibu moja ya tano yake ni jivu, tena lina silika, madini yale ya kwenye mchanga, likishika moto mkali linagandana na kuziba hewa. Toa wavu, kwangua, pitisha waya kila tundu, futa na feni, mafuta ya chipsi yanaganda kwenye mapanga yake.

Shushushu wa Mbuyuni: Subirini kwanza. Huyu kwenye uzi wa viwanja alisema anakaa Njiro, anauza nguo. Leo yuko Pasua na karai? Hili tangazo. Kesho mtaletewa namba ya muuza majiko.

Mangi wa Chipsi: Nguo ni za mke wangu, Njiro ni kwa shemeji.

Kitasa: Na shemeji anauza majiko? 😂

Shushushu wa Mbuyuni: Tupia picha ya wavu.

Mangi wa Chipsi: Simu yangu kamera imekufa. Ila nimekwangua, limetoka bonge la ukubwa wa kiberiti, la kijivu, upande mmoja linang'aa. Tatizo fundi wa matundu nimeshampa kianzio, anakuja jioni na drili.

Fundi Bati: Akutobolee karai, uchujie mafuta.

Shushushu wa Mbuyuni: Kamera imekufa. Sawa.

Mama Wawili: Mangi, pumba zilizobaki nazitaka, nina banda la kuku Kiboriloni. Bodaboda analipa nani?